Msuli wa shavu la mguu: usikimbie bado

Pole sana ndugu. Umesema ulisikia kitu kikikatika "tap!" nyuma ya mguu ukishuka mlima Longonot, leo ni siku ya 10, ngazi bado zinakutesa, na unauliza kama Jumamosi unaweza kukimbia msitu wa Karura. Mimi nasema bado.

Msuli wangu wa shavu la mguu ulichanika kule kule, kwenye ule mteremko wa vumbi. Kosa langu lilikuwa kumkimbilia mama wa kukanda kesho yake. Alinikanda kwa mafuta ya moto hadi machozi, na asubuhi mguu ukaamka mweusi kama biringanya. Siku 2 au 3 za mwanzo msuli haukandwi. Ni barafu ndani ya kitambaa dakika 15, bandeji, na mguu juu ya mto.

Wewe umeshapita hapo. Simama jikoni, shika meza, inua visigino, kisha vishushe polepole sana. Huko kushusha ndiko kunakojenga msuli. Ukiweza kuinuka kwa mguu mmoja mara 20 bila maumivu, hapo anza kukimbia kidogo kidogo. Na matatu isubiri isimame kabisa! Kuruka ikiwa bado inatembea kulinirudisha nyuma wiki nzima.

Ila shavu hilo likizidi kuvimba na kupata joto, au ukianza kupumua kwa shida, usingoje majibu yetu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, huenda damu imeganda kwenye mshipa.