Asali haijabadilika, imeganda

Mwalimu mmoja wa fizikia hapa Dodoma anaandaa bango la maonesho ya sayansi ya shule yake, na anataka wazazi walielewe kwa Kiswahili. Ameandika: "Mabadiliko madogomadogo ndani ya maada husababisha mabadiliko ya hali, na mabadiliko hayo huleta mabadiliko ya mpangilio." Anauliza kama sentensi ni sahihi.

Kisarufi, Mwalimu, haina kosa. Lakini mzazi akishaisoma ataondoka mikono mitupu. Umetaja mambo matatu tofauti, na yote umeyapa jina moja.

Neno hili "mabadiliko" limenichosha siku nyingi. Limetoka Kiarabu, mzizi uleule uliotupa "badala", na kazi yake ya asili ni kuweka hiki mahali pa kile. Kwa hiyo mtangazaji wa mpira akisema kocha kafanya mabadiliko, hana kosa: katoka mmoja, kaingia mwingine. Siku hizi limekuwa kibarua wa kila shamba. Bei ikipanda, mabadiliko. Mvua ikikawia, mabadiliko. Mgonjwa akipata nafuu, kuna mabadiliko. Akizidiwa, kuna mabadiliko. Ndugu aliyepiga simu kutoka Kondoa kumuulizia mgonjwa huyo ameambiwa nini?

Jirani yangu alinunua chupa ya asali ya Manyoni pale Soko la Majengo. Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, akaikuta nzito, nyeupe chini, ina chengachenga. Akairudisha.

"Mama, asali yako imebadilika."

"Imechacha au imeganda?"

Jirani akasita. Mama akaipokea chupa, akaipindua, akautazama ule weupe ukibaki palepale. "Imeganda hii. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, itarudi." Ikarudi. Iliyochacha imeharibika, iliyoganda ni nzima. Yule mama alijua hivyo, na vitenzi vyake viwili vilimaliza kesi ambayo "imebadilika" ingeigeuza ugomvi.

Sasa tuingie ndani ya chupa. Asali ina glukosi, aina ya sukari, nyingi kuliko maji yake machache yanavyoweza kuistahimili. Molekuli zake hazitulii: zinakutana, zinashikana kijikundi, zinaachana. Kijikundi kidogo hakidumu, kwa sababu molekuli zake nyingi ziko pembezoni, hazijashikwa barabara na wenzake. Vingi huzaliwa na kufa hivyo. Kisha kimoja, kwa bahati tu au kwa kuegemea punje ya chavua, kinavuka ukubwa fulani. Kuanzia hapo kila molekuli inayojiunga inakiimarisha, na fuwele inakua mpaka unaiona kwa macho.

Huko kushikana na kuachana ndiko kuyumba. Kitenzi tunacho, tena kila siku kimo midomoni: bei zinayumba, umeme unayumba. Kinachoyumba huenda huku kikarudi. Basi jambo lako la kwanza tuliite myumbo, wingi miyumbo. "Badiliko" halina kurudi ndani yake, na siri yote ya jambo unalotaka kuwaeleza wazazi imo katika huko kurudi mara elfu, halafu mara moja kutorudi.

Chukua hewa ukaa. Ibane hadi kanieneo mara 73 hivi ya angahewa, joto likiwa nyuzi 31: hapo tofauti kati ya gesi na kimiminika inafutika. Msongamano wa molekuli unayumba mno, sehemu kubwa kwa ndogo, kiasi cha kutawanya nuru, na kitu kilichokuwa angavu kinakuwa kama maziwa. Mwanafizikia Marian Smoluchowski alieleza hivyo mwaka 1908. Ukiandika "mabadiliko ya msongamano", msomaji atadhani umeibana zaidi. Hujaibana. Inayumba.

Jambo la pili liite mgeuko wa hali. Wapo wanaosema "mpito wa hali". Mimi mpito nauona ni njia, na mtu anaweza kuwa njiani mwaka mzima, lakini limeshazoeleka na sitalifukuza.

La tatu, mpangilio, ndilo lililonitia hasira zaidi, kwa kuwa ndilo zuri kuliko yote na umelizika. Mwaka 1980 mwanafizikia Jacques Villain na wenzake walionesha kwamba kuna sumaku ambazo mipangilio mingi ya chembe zake ina nishati sawa, hakuna wenye haki kuliko mwingine, na miyumbo yenyewe ndiyo inayouchagua mmoja. Vurugu inapanga safu! Habari kama hiyo inataka kitenzi chenye nguvu: kujipanga.

Andika hivi: "Miyumbo midogo ndani ya maada huweza kuigeuza hali yake, na chembe zikajipanga upya." Kisha weka mezani chupa mbili za asali ya mzinga mmoja, moja imeganda, nyingine imetoka kwenye maji ya uvuguvugu, na waache wazazi wazipindue wenyewe.