Barua kwa mwanangu: usiache kujaribu mapishi mapya, badili namna unavyoyasoma

Mwanangu, baba yangu,

Marahaba. Huku Tabata tupo wazima, baba yako magoti yanamsumbua kidogo na hizi mvua ila hajambo, na nyie huko Kinyerezi natumaini mko salama, mkwe wangu na mume wangu mdogo na mke mwenzangu wote nawasalimia sana.

Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka nikujibu kwa voisi na mimi ila nimeona bora niandike ili uwe unarudia ukiwa jikoni. Umeniuliza mama ulikuwa unafanyaje ukatupikia vitu vipya tukavipenda, mana wewe kila ukifata mapishi ya YouTube kwa ajili ya chakula cha usiku kinatoka kitu kingine kabisa, maharage hayaivi, mchuzi unakatika, watoto wanasukuma sahani wanauliza ugali uko wapi, na unaona bora uache tu mrudi kwenye wali maharage na samaki wa kukaanga.

Usiache baba. Tena mimi nimefurahi sana kusikia unaingia jikoni jioni kwa kuwa mwenzio anachelewa kutoka kazini, sitaki ukate tamaa kwa ajili ya sufuria moja ya maharage.

Tuanze na hayo hayo maharage. Umesema yalikuwa mapishi ya Marekani, ile chili yao ya nyama ya kusaga na maharage mekundu, wakasema nusu saa imeiva, we ukaweka maharage uliyoloweka, nyanya, nyama, vyote kwa pamoja, ukawasha gesi mpaka watoto wakasinzia na bado magumu. Sasa yule dada kwenye video maharage yake ni ya kopo, yameshapikwa kiwandani, hiyo nusu saa yeye anatafuta ladha iingie tu. Yako yametoka kwenye gunia sokoni. Alafu nyanya ina ukali, na ukali unayafanya maharage yakaze, hayalainiki hata uchemshe mpaka alfajiri. Kwahiyo unaloweka usiku, unamwaga yale maji, unaweka maji mapya unachemsha kwa moto mkali, dakika 10 za mwanzo zisipungue mana maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili na inakatwa na kule kuchemka kwa nguvu, alafu ndo unapunguza moto yaive taratibu mpaka ukibonyeza moja kwa vidole linapondeka lote bila kiini. Hapo sasa ndo nyanya inaingia. Bibi yako alikuwa anachemsha kwanza anaunga baadae, na wanawake wote wa mtaa wanafanya hivo, sababu yake ndo hiyo.

Mapishi yale hayakuwa mabaya na wewe huna mkono mbaya, ni kwamba yameandikwa na mtu mwenye duka lake, jiko lake na nyama yake. Mimi nikiona mapishi mapya sianzi kukimbilia supamaketi kutafuta vile vitu, nakaa nasoma kimoja kimoja najiuliza hiki kimewekwa humu kifanye kazi gani. Krimu, kazi yake ni mafuta na uzito. Siki au divai, kazi yake ukali. Sukari ya kahawia kwenye mchuzi, kukata ukali wa nyanya. Mkate uliosagwa kwenye nyama, kushika maji isikauke. Ukishaijua kazi ndo unatafuta hapa Dar nani anaifanya, na karibu kila kazi ina mtu wake, tena wengine ni wazuri kuliko wa kwenye video. Ukali una ndimu, una ukwaju, una embe mbichi, una mtindi, na kila mmoja ni ukali wa aina yake, ukwaju una utamu kwa ndani, ndimu inakata, kwahiyo kwenye samaki nachagua ndimu na kwenye mchuzi wa nyama nachagua ukwaju. Uzito una tui, una karanga za kusaga, una korosho, na korosho nunua zile za vipande mana unaenda kuzisaga, ya nini ulipie nzima.

Ule mchuzi wako wa kuku wa Kihindi uliokatika, nimeelewa ulikosa krimu ukamimina mtindi kwenye nyanya inayochemka. Kuweka mtindi lilikuwa wazo zuri, tatizo moto. Mtindi ukikutana na moto mkali maji yanajitenga na mabonge. Chukua kijiko cha unga wa ngano au wa dengu, upige na mtindi mpaka ulainike kabisa, punguza moto hadi mchuzi utulie, alafu weka kijiko kijiko huku unakoroga, usiuache uchemke tena kwa fujo. Au weka korosho zilizolowekwa na kusagwa laini, hizo hazikatiki, na Wahindi wenyewe wanazitumia kwenye michuzi hiyo.

Sasa ile kari ya kijani ya Thailand, ile uliyosema umeihifadhi kwenye simu ila unaiogopa mana ina majina usiyoyajua. Baba hiyo ndo ungeanza nayo! Ni mchuzi wa nazi ule. Watoto wako wamekua na samaki wa nazi, hawaendi kushangaa kitu. Twende kimoja kimoja. Mchaichai wanaouponda ni ule ule tunaotia kwenye chai, ila wao wanatumia kile kipande cheupe cha chini, unakigonga na mchi kikichanua unakikata vipande vidogo sana. Kuna kitu jamii ya tangawizi wanaweka, we weka tangawizi yetu ila kidogo, ina nguvu. Kotimiri wanasaga na mizizi yake, ukiwa sokoni mwambie mama akupe lile fungu lenye mizizi, osha mchanga utoke. Thomu, kitunguu kidogo, pilipili mbichi za kijani utoe mbegu kwa ajili ya watoto, bizari nyembamba na mbegu za giligilani uzikaange kavu kidogo zinukie, ndo usage vyote hivyo pamoja. Majani ya ndimu yao yana harufu ya peke yake, sisi tunakwangua ganda la ndimu ile rangi ya kijani tu, ukifika kwenye nyeupe ni chungu, na ukipata majani machanga ya mndimu tupia mawili matatu. Ule mchuzi wao wa samaki waliochachushwa kazi yake ni chumvi na ule utamu wa samaki wa ndani kabisa, kwahiyo chukua dagaa wakavu, toa vichwa, kaanga kavu mpaka wawe wakakamavu, ponda wawe unga, kijiko cha chai kinatosha na chumvi utaonja mwenyewe. Majani wanayomwagia mwisho ni jamii ya rehani, ile ile ya kwenye kikuba. Na vile vibilinganya vyao vidogo vya kijani kwa macho utasema nyanya chungu, ila usiweke nyanya chungu, uchungu wake utatawala sufuria yote, kata biringanya la kawaida.

Kitu kikubwa ni tui, hapa soma vizuri. Sisi tunapika na tui la pili kwanza, tui zito linakuja mwishoni na unakoroga bila kuacha ili lisikatike, si ndo nilivyokufundisha? Wenzetu wa Thailand wanalikata tui kwa makusudi. Wanaweka tui zito peke yake kwenye sufuria, wanalichemsha mpaka mafuta yanajitenga yanaelea, alafu ule mchanganyiko wa kijani unakaangwa kwenye mafuta hayo hayo ya nazi mpaka harufu inabadilika, inatoka kwenye ubichi inakuwa ya kuita watu. Ndo tui la pili linafata, likichemka weka biringanya, likikaribia kulainika ndo samaki. Nenda Feri asubuhi mapema chukua kolekole, nyama yake inashikamana, changu mtamu ila miba itawasumbua watoto. Dakika chache tu samaki kaiva, zima moto, kamua ndimu ukiwa umeshazima, tupia rehani. Na wali upike mweupe, usiutie nazi, nazi na nazi inakinaisha.

Nyama nayo niseme kidogo. Ukisikia wanakwambia nyama ya ng'ombe kaanga dakika tatu kila upande, jua nyama yao imekaa kwenye baridi siku nyingi mpaka ikalainika yenyewe na ng'ombe wao wengi wamenenepeshwa kwa chakula. Yetu kachinjwa leo na katembea maisha yake yote. Chukua steki, kata nyembamba kwa kukatisha nyuzi, paka papai bichi lililokwanguliwa nusu saa hivi, isizidi sana mana papai lina kimeng'enya kinachovunja nyama na ukisahau inakuwa uji kwa nje. Kuku wa kienyeji hivo hivo, mapishi yakisema dakika 35 wanamaanisha kuku wa kisasa, wako mchemshe kwanza mpaka alainike ndo uendelee na mambo yao, na ile supu usimwage, iweke kwenye mchuzi badala ya maji.

Vipimo: kikombe cha Wamarekani ni kipimo maalumu, kama mililita 240, sio kikombe chochote cha chai. Na oveni wakisema 350 ni Fahrenheit, kwetu ni kama 180. Maji ya wali usifate ya mtu yeyote, mchele mpya unataka maji kidogo na wa zamani unakunywa, unaujua mwenyewe ukishapika mfuko huo mara ya kwanza.

Kuhusu watoto. Mezani badili kitu kimoja tu, ukileta mchuzi mpya basi wali uwe ule ule wanaoujua na mchicha ule ule, mtoto akitazama sahani aone kitu anachokifahamu. Usiwatangazie kwamba leo kuna chakula cha Thailand, sema leo kuna samaki. Pilipili kaa nayo pembeni kwenye kibakuli, wakubwa watajitilia. Na akikataa usimlazimishe wala usimpikie kingine, ale wali na mchicha, wiki nyingine kiweke tena, watoto wengi wanahitaji kuonja kitu mara nyingi kabla hawajakizoea na wazazi wengi wanakata tamaa mapema hapo. Mke mwenzangu mpe kazi ya kuchambua kotimiri, mtoto akishika chakula kwa mikono yake anakuwa na hamu ya kukionja. Na usijaribu kitu kipya siku ya wageni, wala siku umefika nyumbani saa mbili usiku watu wana njaa, siku hiyo pika unachokijua. Jumamosi mchana ndo siku yake, kikikubalika ndo kinapanda cheo kinakuwa cha usiku katikati ya wiki.

Umesema pia shangazi yako kakwambia unaacha vya kwetu unashika vya watu. Shangazi yako nampenda na usimjibu, ila wewe ujue moyoni. Mahindi ya ugali asili yake Amerika, muhogo hivo hivo, nyanya, pilipili, vyote viliingia pwani hii baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Chapati, sambusa na biriani zimetoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kuna wanawake hapa pwani walipokea vitu vigeni wakavikalisha kwenye nazi na bizari mpaka leo tunaviita vya kwetu, na naamini na wao waume zao walisukuma sahani mwanzoni. Mimi nikiona unakaanga tui kwa namna ya Kithai na kolekole wa Feri najisikia furaha, naona kazi yao inaendelea mikononi mwako.

Andika unachobadili. Kwenye simu au kwenye daftari popote, ukipunguza tangawizi andika, dagaa ukiona walizidi andika, na andika nani alikula na nani aliacha, mana ukipika tena baada ya mwezi utakuwa umesahau kilichokuwa kitamu ni kipi.

Mchaichai usinunue, upo mwingi hapa uani pembeni ya bomba, pita Ijumaa ukitoka kazini ntakuwa nimeshakukatia pamoja na majani ya ndimu kwa jirani. Rehani ulizia Kariakoo kwa wauza maua. Jumamosi ukifika pale tui linapoanza kutoa mafuta nipigie video niione sufuria kabla hujaweka kile cha kijani.

Msalimie mkwe wangu.

Mama yako