Maswali ya Wasomaji: Kijiji cha Buxton katika Taunishipu ya Raleigh, Canada

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru hapa Mombasa. Mjukuu wangu anayesoma Ontario, Canada, ameniandikia kwamba huko mashambani kuna kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, na kwamba nao wana kengele yao kama sisi tulivyo na yetu pale Kengeleni. Je, habari hii ni ya kweli? Watu hao walifikaje huko, na ardhi waliipata wapi? – Msomaji wa Kisauni.

JIBU: Mwalimu, mjukuu wako amekuandikia kweli tupu. Kijiji hicho kinaitwa Buxton, na kilianzishwa mwaka 1849 katika taunishipu ya Raleigh, kusini-magharibi mwa Ontario, kwenye nchi tambarare iliyo kati ya mto Thames na ziwa Erie. Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa ya wenyeji wa asili, Waojibwe, Waodawa, Wapotawatomi na Wahuroni, ambao wazee wao walitia saini mkataba na Waingereza huko Detroit mwaka 1790 na kuwaachia eneo kubwa sana kwa bidhaa zenye thamani ya pauni 1,200. Hapana haja ya kueleza ni nani aliyepata faida katika biashara hiyo.

Sababu ya watu weusi kukimbilia huko ni sheria. Utumwa ulikomeshwa katika makoloni ya Uingereza kuanzia tarehe 1 Agosti 1834, ilhali Marekani uliendelea hadi vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1850 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaruhusu mabwana kuwafuata watoro hata katika majimbo ya kaskazini yasiyokuwa na utumwa. Tangu hapo mtoro hakuwa na usalama mpaka avuke mpaka. Hapa ndipo historia yao inapotofautiana na ya Frere Town. Mababu zetu, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, waliokolewa majahazini na manowari za Kiingereza, kisha wakateremshwa kuanzia mwaka 1875 katika ardhi iliyonunuliwa na wamishonari wa CMS, chama cha kimisheni cha Kanisa la Kianglikana la Uingereza. Wale wa Buxton wengi wao walijitoa wenyewe, wakitembea usiku na kujificha mchana, na kufika mikono mitupu.

Mwanzilishi wa makazi hayo alikuwa kasisi wa Kipresbiteri aitwaye William King, mzaliwa wa Ireland, aliyewahi kuishi Louisiana na kuoa katika familia ya mwenye shamba. Kwa njia hiyo, yeye mwenyewe, mtu aliyeuchukia utumwa, alijikuta anamiliki watumwa. Baada ya kufiwa na mkewe na watoto wake, aliwaacha huru watumwa hao 15 na kuwaleta Raleigh, wakafika tarehe 28 Novemba 1849, wakati baridi ya huko imekwisha kuanza. Walimkuta Isaac Riley na familia yake, waliotoroka kutoka Missouri, wakiwasubiri. Makazi yakapewa jina la Elgin, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Canada, na kijiji jina la Thomas Fowell Buxton, Mwingereza aliyeongoza bungeni kampeni ya kukomesha utumwa.

Sasa nije kwenye ardhi, maana hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. King na wenzake waliunda chama, Chama cha Elgin, kilichochukua eneo la ekari zipatazo 9,000 la msitu mzito na udongo wa mfinyanzi uliotuama maji. Eneo likapimwa na kukatwa vipande vya ekari 50, na kila familia ikauziwa kipande kimoja kwa dola 2.50 kwa ekari, yaani dola 125 kwa jumla, zilipwe kwa awamu katika miaka 10 pamoja na riba. Hakuna aliyegawiwa bure, na hakuna aliyeruhusiwa kuwa mpangaji au mkulima wa nusu kwa nusu katika shamba la mwingine. Kipande hakikuweza kuuzwa kwa asiyekuwa mweusi kabla ya miaka 10 kwisha. Wengi walizipata fedha za awamu kwa kukata miti ya msitu huo huo, kwa kuchoma majivu ya kutengenezea potashi (chumvi ya kutengenezea sabuni), na kwa kufanya vibarua katika ujenzi wa reli, huku wake zao wakibaki kulima mahindi baina ya visiki.

Masharti ya nyumba nayo yalikuwa makali kuliko ya baraza nyingi za miji tunazozijua. Nyumba sharti iwe na urefu wa futi 24, upana wa futi 18 na kimo cha futi 12 angalau. Iwe na vyumba vinne. Isimame futi 33 kutoka barabarani. Na mbele yake pawe na ua wa mbao na bustani ya maua. Aliyetaka kujenga kubwa zaidi aliachiwa, lakini ndogo zaidi hapana. Mtu anaweza kucheka habari ya maua kwa watu waliotoka kuchapwa viboko juzi. Mimi naona King alijua kwamba majirani wangekuja kuchungulia, na aliazimia wasipate la kusema. Mitaro nayo ilichimbwa kuyatoa maji mashambani, na nchi iliyokuwa kinamasi ikawa ya ngano, mahindi na tumbaku. Baadaye kukawa na kiwanda cha matofali, cha kupasulia mbao, na kinu cha kusaga nafaka. Makazi yalipostawi kabisa, wakazi walizidi 1,000.

Sisi wa Mombasa, ambako si ajabu nyumba kuwa ya mtu mmoja na kiwanja kilicho chini yake kuwa cha mwingine anayedai kodi kila mwezi, hatuna haja ya kuelezwa kwa nini sharti la kununua lilikuwa bora kuliko la kupanga. Mtu aliyemaliza awamu zake Buxton hakuwa skwota wala mwana wa misheni. Shamba lilikuwa lake, na mwanawe alirithi.

Kuhusu kengele, walipewa mwaka 1850 na watu weusi wa Pittsburgh, Marekani, na desturi ilikuwa kuipiga kila alipowasili mtu mpya kutoka utumwani. Kengele yenyewe imo katika kanisa la St. Andrew's, South Buxton.

SWALI: Taunishipu ni kitu gani kiserikali, ni mji au ni kata? Na je, Wazungu waliokuwa jirani waliwapokea vizuri wageni hao, au walikuwa na ubaguzi? – Msomaji wa Likoni.

JIBU: Taunishipu si mji. Ni eneo la mashambani lililopimwa kwa kamba na wapima ardhi wa serikali, likagawanywa kwa mistari iliyonyooka kuwa mashamba yenye nambari, kisha likapewa baraza lake la madiwani wa kuchaguliwa, la kushughulikia barabara, mitaro na kodi. Ndani yake huweza kuwamo vijiji kadhaa. Katika Raleigh, mbali na Buxton, vilikuwamo Cedar Springs na Dealtown, na Wazungu waliokaa ukingoni mwa ziwa walikuwa wametangulia kwa miaka mingi.

Ama mapokezi, yalikuwa mabaya. Mwanasiasa wa mji jirani wa Chatham, Edwin Larwill, aliitisha mkutano mwaka 1849 na kupeleka malalamiko serikalini kwamba wageni hao wataharibu nchi na kushusha bei ya ardhi. Alishindwa kuyazuia makazi, ila mwaka 1854 alipata kiti cha ubunge. Sheria ya huko haikumnyima mtu kura kwa rangi yake. Ilimtaka awe mwanamume, raia wa dola ya Uingereza, na mwenye mali. Kwa hiyo hati ya shamba ilikuwa pia tiketi ya kura. Wanaume wa Buxton walikwenda Chatham kupiga kura, na Larwill akaangushwa na Archibald McKellar, aliyekuwa rafiki wa makazi hayo. Kisha mwaka 1859 Abraham Shadd akachaguliwa diwani wa taunishipu ya Raleigh, mtu mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa kuchaguliwa katika sehemu hiyo ya Canada. Binti yake, Mary Ann Shadd, alikuwa ameanzisha gazeti lake mwenyewe tangu mwaka 1853.

Jambo lililowageuza majirani, kwa maoni yangu, ni skuli zaidi ya siasa. Skuli ya misheni ya Buxton ilifunguliwa mwaka 1850 kwa watoto wa rangi zote, ikafundisha hata Kilatini na Kigiriki, na Wazungu wa karibu wakaona heri kuwapeleka wana wao huko kuliko kuwaacha katika skuli yao dhaifu, ambayo hatimaye ilifungwa. Walisoma hapo Anderson Abbott, mzaliwa wa kwanza mweusi wa Canada kupata leseni ya udaktari, na James Rapier, aliyekuja kuwa mbunge wa Alabama katika bunge la Marekani.

SWALI: Je, kijiji hicho kipo mpaka leo? – Mwanafunzi wa Majengo.

JIBU: Kipo, ingawa kimepungua sana. Vita vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, wengi walirudi kuwatafuta jamaa zao. Chama cha Elgin kilifunga hesabu zake mwaka 1873, na reli ilipopita, shughuli zikahamia upande wa kaskazini, North Buxton. Taunishipu ya Raleigh yenyewe iliunganishwa na nyingine mwaka 1998 kuwa manispaa ya Chatham-Kent. Familia kadhaa bado zinalima ardhi ya mababu, na tangu mwaka 1924 wazawa wa Buxton hukusanyika kila mwaka mwanzoni mwa Septemba. Jumba la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1967, na kando yake limehifadhiwa jengo la skuli la mwaka 1861, lililotumika kufundishia hadi mwaka 1968.