Mdogo wangu, usilipe garanti hiyo kwanza

Juzi usiku kijana mmoja wa Ndosho, hapa Goma, aliniandikia: «Yaya (kaka), Mungu amenikumbuka. Nimepata kontra (mkataba wa kazi) ya mwaka mmoja, dola 700 kwa mwezi. Nimeona nyumba nzuri Himbi, wanaomba garanti, kodi ya miezi sita ya kuweka mapema. Unanishauri nini?» Niliusoma ujumbe huo mara tatu, nikaweka simu chini. Mke wangu aliponiona nimenyamaza vile akauliza kama kuna msiba.

Hapakuwa na msiba. Nilikuwa nimejiona mimi mwenyewe, mwaka 2018.

Mwaka huo shirika moja la misaada lilinipa kazi ya kutunza ghala, kwa dola 850. Kabla ya hapo nilikuwa nauza vipuri vya pikipiki Birere, na tuliishi Majengo katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili, imesimama juu ya mawe meusi. Tulikula, watoto walisoma, hatukumdai mtu wala mtu hakutudai. Mwezi wa pili wa kazi nikahamia Himbi. Garanti ilikuwa miezi sita kwa dola 300, yaani 1,800, na mimi sikuwa nazo. Nilizikopa kwa mwenzangu wa kazini. Siku naingia katika nyumba ya kibosi, tayari nilikuwa mdeni.

Kisha vikaja viti vya ngozi na televisheni kubwa. Ijumaa jioni tulikuwa kando ya ziwa kwa brosheti (mishikaki) za mbuzi na bia, na mlipaji ni mimi. Kwenye harusi za watu nisiowajua vizuri nilichanga dola 50, ili jina langu lisomwe kwenye kipaza sauti. Watu waliniita patroni, yaani bosi. Nililipenda jina hilo kuliko mshahara wenyewe, na hapo ndipo kosa langu lilipokaa. Nyumba, viti na brosheti vilikuwa matawi tu.

Jirani yetu wa zamani, mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, za soko la Kituku, alikuja mpaka Himbi kunialika katika AVEC yao, chama cha majirani cha kuweka akiba na kukopeshana. «Baba Esther, leta hata faranga elfu mbili kwa wiki.» Nilimwambia hiyo ni pesa ya sabuni. Alimaliza maji yake, akashukuru, akaenda.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 jioni, volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na tarehe 27 asubuhi sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuondoka, nasi tukaondoka. Tulitembea na umati kuelekea Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma. Mshahara ulikuwa haujatoka. Mimi, patroni, nilikuwa na faranga 14,000 mfukoni, mke na watoto wanne.

Tulilala katika darasa la shule. Siku ya pili nikamwona yule mama kwenye baraza, na wanachama kama kumi na wawili wa AVEC yao. Kisanduku cha bati kilikuwa katikati yao, wamekikimbiza kutoka Goma kimefungwa ndani ya kitenge. Kina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake, ili asiwepo mmoja wa kukifungua peke yake. Wenye funguo wote watatu walikuwa wamefika Sake. Mmoja baada ya mwingine wakafungua, wakahesabu mfuko wa jamii, pesa ya kusaidiana wakati wa shida, kwa sauti, noti kwa noti, wakagawana. Jioni ile yule mama alipika bugali na sambaza kwenye mafiga matatu, akawapakulia wanangu kabla ya wanawe. Hakutaja siku ya Himbi. Mpaka leo hajaitaja, nami mpaka leo nikikumbuka sahani zile koo linakaza.

Mwezi uliofuata kontra yangu iliisha, haikuongezwa. Tulikaa tukila ile garanti, nikauza viti kwa bei ya kutupa. Niliowapigia simu hawakupokea. Mmoja nilimlipia kodi mara mbili, na leo tukikutana njiani anageuza uso. Nimesamehe, lakini inauma.

Tulirudi Majengo, nami nikaingia AVEC ya yule mama. Kwa hiyo mdogo wangu, nisikilize vizuri.

Baki katika nyumba unayoishi sasa. Mshahara ukipanda, maisha yasipande nao, angalau kwa mwaka wa kontra. Dola usizibadilishe zote siku moja. Noti ya mia ukiipeleka kwa kambisti, mbadilisha pesa, unarudi na furushi la faranga linalokudanganya kwamba una pesa nyingi, na kabla ya wiki kuisha zimekwisha. Sisi tunabadilisha ya wiki tu.

Nunua kwa gunia. Tulipokuwa tunanunua makala (makaa) kwa ndoo, pesa ya gunia zima ilikuwa inaisha katika wiki tatu, na gunia lenyewe linatufikisha wiki tano. Anayenunua kidogo kidogo ndiye analipa ghali, na wengi wetu tunafanya hivyo kwa sababu hatujawahi kushika pesa ya gunia kwa mara moja. Utaishika mwezi wa kwanza. Maharage yalowekwe tangu jioni, babula (jiko la makaa) haitakula makala yako nusu siku.

Na uingie AVEC. Narudia: uingie AVEC. Yetu iligawa akiba kabla ya Noeli ya 2024. Fungu langu lilinunua maharage, mchele na magunia mawili ya makala, mke wangu akasema nimezidisha. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, maji na umeme vikakatika, benki zikafunga milango. Wenye mishahara mikubwa kuliko wangu walikuwa na pesa wasiyoweza kuigusa, na kuitoa kwenye simu kulikatwa asilimia inayoumiza. Sisi tulikula wiki saba bila kukopa, tukalisha na familia ya jirani. Yule mama wa sambaza alituletea maji ya ziwa kwa bidoni (madumu), nami safari hii nilikuwa na cha kumpa.

Vijana wa Goma, tuache kuishi kwa ajili ya macho ya watu. Kontra ni ya mwaka mmoja, anayekuita patroni anajua tarehe inapoisha kuliko wewe. Kijana atakayekucheka kwa kupanda basi na kuvaa viatu vya mwaka jana hatakuwa Sake siku utakayomhitaji.

Uliniuliza pia rafiki zako utawaambia nini. Waambie bado unatafuta nyumba. Jumamosi saa tatu asubuhi AVEC yetu inakutana kwa yule mama, Majengo. Njoo na faranga elfu mbili, nitakusubiri mlangoni.