Maswali ya Wasomaji: Kwa nini wanauliza kama mama anaoga mwenyewe?

SWALI: Mama yetu, mwenye umri wa miaka 78, alipata kiharusi akapooza upande wa kulia. Watafiti walikuja nyumbani wakauliza kama anaoga, anavaa na anakwenda chooni bila kusaidiwa, lakini ugonjwa wenyewe waliugusia tu. Dada yangu, aliyeacha kuokota korosho ili amuuguze, hakuulizwa lolote. Maswali hayo yana faida gani?
Msomaji, Newala

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Maswali hayo yanafuata njia ya daktari Mmarekani Sidney Katz, ambaye mwaka 1963 yeye na wenzake walichapisha kipimo cha shughuli sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani, kuzuia haja na kula. Jina la ugonjwa halielezi msaada unaohitajika, kwani kati ya wazee wawili waliopata kiharusi mmoja huweza kurudi shambani na mwingine akashindwa hata kujigeuza kitandani.

Kuhusu dada yako, lalamiko lako ni la haki kabisa. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliitegemea familia katika matunzo, lakini familia hiyo, nyumba kwa nyumba, mara nyingi ni binti mmoja ambaye kazi yake haihesabiwi popote. Ujerumani, iliyoanzisha bima ya matunzo mwaka 1995, humchangia pensheni ndugu anayemhudumia mgonjwa kwa saa 10 au zaidi kwa wiki, akitimiza masharti. Japani, ilipoanzisha bima kama hiyo mwaka 2000, ilichagua kutoa huduma badala ya fedha, baada ya wengi kuhofia kwamba fedha zingezidi kuwafunga wanawake nyumbani. Watafiti wakirudi, dada yako aombe naye aandikwe: huamka mara ngapi usiku, nani humsaidia kumnyanyua mama, na amekosa kipato gani msimu wa korosho.

Kwa sasa, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mkaulizie msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Kama mama hawezi kujigeuza, ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala, na kila siku akaguliwe visigino, nyonga na sehemu ya juu ya makalio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kidonda kinachoanza hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo dada apapase: mahali palipo na joto, pagumu au panapouma kuliko pembeni paonyeshwe kwenye zahanati kabla ngozi haijachubuka.