Mguu mkubwa na homa: kwa mnaoanza zamu wodi ya watoto

Wadogo zangu, siku moja mtaletewa mtoto mwenye homa, mguu mmoja mnene kuliko mwenzake, na baka la zambarau alilozaliwa nalo. Huenda faili tayari limeandikwa matende. Fikirieni pia Klippel-Trenaunay au CLOVES, magonjwa ya kuzaliwa nayo ambapo mishipa huumbika vibaya na kiungo hukua kupita kiasi. Mara nyingi chanzo ni badiliko la jeni ya PIK3CA lililotokea mtoto akiwa tumboni. Halikurithiwa. Mwambieni mama mapema, maana mtaani ameshalaumiwa vya kutosha.

Mirija ya limfu (majimaji ya mwili yanayobeba chembe za kinga) ya mguu huo imeumbika vibaya, maji yanatuama, na kinga ya pale ni dhaifu. Bakteria hupenya kwenye vipele vinavyovuja maji, ukucha uliozama nyamani au fangasi wa vidoleni. Mishipa ya utumbo mpana ikiwa nayo imeathirika, hata bakteria wa tumboni huweza kuingia kwenye damu.

Kosa la wageni ni kulinganisha miguu miwili. Huu ni mkubwa siku zote! Muulizeni mama: tangu jana umebadilikaje? Jibu lake mimi huliamini kuliko futi ya kupimia. Ngozi nyeusi huficha wekundu, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono utafute joto, ugumu na maumivu. Chora mpaka wa uvimbe kwa maka peni, andika na saa.

Mtoto akilegea, mapigo yakienda mbio au mikono na miguu ikipoa, mwite daktari wa zamu. Toeni damu ya kuotesha bakteria maabara, lakini isicheleweshe antibaiotiki: penye mshtuko, yaani damu haifiki vizuri viungoni, dozi ya mshipani iingie ndani ya saa moja. Akianza kuhema ghafla, kumbukeni bonge la damu mapafuni. Watoto hawa damu yao huganda kwa urahisi, na maambukizi huchochea.

Uvimbe laini msiupasue mkidhani jipu. Utavuja damu au limfu kwa wiki kadhaa. Ultrasaundi kwanza.

Ulizeni pia kama anatumia sirolimus, dawa ya kuzuia mishipa hiyo mibovu isizidi kukua. Hushusha kinga, na antibaiotiki erithromaisini na klarithromaisini, au flukonazoli ya fangasi, huongeza kiwango chake kwenye damu. Kusimamisha au kuendelea, mpigieni aliyeiandika.

Siku ya kuruhusiwa, tibuni fangasi, kisha mpeni mama barua yenye jina la ugonjwa, kipimo cha unene wa mguu ukiwa hauna maambukizi, na antibaiotiki iliyomsaidia.