Bahari ikichemka, waache wenye mayai

Kuanzia Februari mpaka masika yaanze, wateja wangu wa Bamburi, Mombasa, wana swali moja: mbona tafi wamekuwa haba na bei imepanda? Mimi ni mama karanga. Samaki nawanunua pwani wakishuka kwenye ngalawa, nawapasua, nawakaanga, jioni nawauza kando ya barabara. Masomo ya bahari sikuyasomea, ila anayepasua samaki kila siku huona tumboni asiyoyaona mvuvi wala mlaji, na ushauri wangu wote wa msimu wa joto unaanzia humo tumboni.

Tafi ana miba inayochoma vibaya, kwa hivyo mimi hukata miba ya mgongoni kwanza, kisha napitisha kisu chini ya tumbo. Wakati wa kaskazi wengi hutoka na mayai, mifuko miwili mirefu ya manjano iliyojaa mpaka utumbo unabanwa kando. Watu wanayapenda hayo mayai. Mimi pia nilikuwa nikiyakaanga pembeni kwa chumvi na pilipili, na sikusingizii, ni matamu. Shida ni kwamba majira hayo ya mayai ndiyo yanayogongana na maji ya moto.

Joto la Machi si geni kwetu. Upepo unalegea, matlai, yaani upepo wa mashariki, inaingia, maji ya ndani ya mwamba yanatulia juani, na yakipwa mchana wanaochokoa pweza mapangoni wanalalamika kwamba miguu inaungua. Wimbi la joto la baharini ni zaidi ya hapo. Wataalamu hulihesabu pale maji yanapopanda kupita sana kiwango cha kawaida cha mahali na majira hayo, wakilinganisha na kumbukumbu za miaka kama 30, na hali hiyo ikadumu siku 5 au zaidi mfululizo. Wazee wanaukumbuka mwaka 1998, mwaka wa El Niño, matumbawe yalipogeuka meupe pwani yote ya Kenya na mengi yakafa. Yakarudi meupe 2016, na 2024 tena.

Watu wakisikia habari hizi huuliza samaki wangapi wamekufa. Hilo swali naliona halitoshi. Samaki mkubwa ana mapezi, anaweza kushuka kwenye maji ya kina, akaonekana mzima kabisa mezani kwangu. Yai haliendi popote, na halina mashavu ya kuvutia hewa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na papo hapo kiumbe kilichomo huhitaji oksijeni zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ulioangalia karibu aina 700 za samaki, ulionyesha kwamba wanaolemewa na joto mapema zaidi ni mayai na samaki walio tayari kutaga.

Mfano ulionikaa kichwani ni wa mbali, kisiwa cha Moorea huko Polinesia ya Ufaransa. Mwaka 2016 joto lilifanya anemoni, viumbe laini wa baharini wanaofanana na maua, zipauke, na wale samaki wadogo wanaoishi ndani yake walibaki hai. Ungepita na miwani yako ungesema wazima. Lakini mayai hai waliyokuwa wakitoa yalishuka kwa asilimia 73. Miili ilikuwa kwenye dhiki, nguvu ya kuzaa ikaenda.

Pweza ndiye anayenisumbua moyo zaidi, kwa sababu jike hutaga mara moja tu maishani. Huingia pangoni, hutundika mayai darini, huacha kula, huyapulizia maji masafi usiku na mchana mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Hana nafasi ya pili. Watafiti wa Australia waliochapisha kazi yao mwaka 2024 waliwaweka pweza wenye mayai kwenye maji ya joto, na wakakuta hata kwa watoto wanaokua ndani ya mayai protini za macho zimepungua. Mtoto wa pweza asiyeona vizuri atakula nini, na atamkimbia nani?

Basi, ndugu yangu unayechokoa pweza maji yakipwa: ukiona mlango wa pango umezibwa kwa mawe yaliyopangwa, na pweza amejikunja nyuma yake hataki kutoka, huyo huenda amelalia. Toa chuma chako, nenda pango jingine. Kule Pate, Lamu, wanawake wa pweza hufunga sehemu ya mwamba kwa muda kisha wakaifungua, na wanavuna wakubwa. Sioni kwa nini BMU zetu hapa, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zisilijadili jambo hilo kwenye kikao, hasa kwa miezi ya joto. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ipo tangu 1986, lakini samaki hawazaliani ndani ya mipaka ya ramani peke yake.

Kwa kasa jambo ni jingine tena. Jinsia ya mtoto huamuliwa na joto la mchanga: karibu nyuzi 29 huchanganyika, juu ya hapo majike huzidi. Kaskazini mwa mwamba mkuu wa Australia, utafiti wa mwaka 2018 ulikuta kasa wachanga wa kijani karibu wote ni majike, asilimia 99. Kwa hiyo wenye viwanja vya pwani, msikate miti na vichaka vyote ili wageni waone bahari. Kivuli kile kinapooza mchanga wenye mayai.

Upande wangu, wa kununua, ndio ninaoweza kuusemea. Sipendi kuona mvuvi anahubiriwa aache hiki na kile huku ana watoto wa kulisha, na sisi wanunuzi tunaopanga bei hatuguswi. Wavuvi wangu wanajua kamba mawe mwenye mayai chini ya mkia simpokei hata kwa mkopo. Samaki wa juya, wavu wa kukokota, siwachukui, maana juya hukokota nyasi za bahari pamoja na vitoto vilivyojificha humo. Mwenye dema, mtego wa kufuma, lenye upenyo wa kutorokea wachanga namlipa vizuri zaidi kwa kilo, na sijapata hasara, kwa sababu samaki mwenye mwili mzuri anauzika haraka.

Na Februari hadi Aprili nawapumzisha tafi na changu kadiri ninavyoweza. Bahati nzuri kaskazi ndiyo majira ya samaki wa maji makuu: nguru, jodari, vibua. Mteja akinung'unika kwamba jodari mkavu, kosa huwa la jikoni. Mkate vipande vyembamba, mtie ndimu, chumvi, kitunguu thomu na pilipili manga, mwache kidogo, halafu mafuta yawe moto sana na umgeuze mara moja tu. Vibua ni rahisi zaidi na bei yake ni ya mfuko wa kila mtu. Mchanje pande zote mbili, jaza viungo kwenye michanjo, mkaange mpaka mkia uvunjike kwa vidole.